Sifle ya Mayi Moto

Jina yangu ni Marthe, lakini mu Kamina hakuna muntu ananiita vile. Ni Mama Pisine. Hata pasta anasahau mbele ya kanisa: "Mama Pisine, Bwana asifiwe!" Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi naitika tu, juu ukikatala jina yenye bantu banakupa, banakutafutia ingine mubaya zaidi.

Pisine yenyewe si kintu kikubwa. Wakati ya bakoloni, muzungu moja, enjeniere ya reli, alichimbisha pisine, shimo ya kuogelea, nyuma ya nyumba yake, ya simenti, fupi, ukiruka vibaya unapiga kichwa upande ya pili. Akarudi kwao. Nyumba ikabakia ya reli, na reli ikaipatia bwana yangu Edmond, mashinisti, mwenye kuendesha mashini ya treni. Majirani bakasema tujaze udongo mule, tupande matembele. Nikakatala. Minyi nilizaliwa pembeni ya ziwa Kisale, baba yangu alikuwa muvuvi, niliogelea mbele nijue kusoma. Na batoto ya reli, kila vakansi banapanda treni kwenda Bukama kwa bajomba, banaona mto Lualaba, banafurahi, banaruka. Kiisha tunasikia kilio. Kila mwaka, kilio.

Njo nikaanza masomo. Kwangu hakuna mambo mingi. Unaweka uso mu mayi, unapuliza. Ukizoea, unalala mugongo, mukono yangu chini ya kichwa yako, unaangalia mbingu mpaka shingo inaacha kukaza. Mwenye anatapatapa namugombeza: "Mufa mayi njo anatapatapa! Weye ungali muzima. Tulia!" Na anatulia, juu ananiogopa minyi kupita mayi.

Shida ilikuwa baridi. Bantu ya mbali banafikiri Katanga ni jua tu. Bakuye hapa mwezi ya saba, asubui! Mutoto anaingia, meno inapigana, midomo inakuwa rangi ya makala. Bamama bakaanza kunisema ku soko: Mama Pisine atatumalizia batoto na kifua. Bwana yangu akasikia ile maneno. Nasema akasikia, lakini masikio yake ilikufa zamani, miaka yote ya kusimama karibu na mashini ya makala. Ukitaka kumuambia kintu, unamupigia kelele mu sikio sawa vile unaita muntu ng'ambo ya mto.

Wakati reli iliacha mashini ya makala na kuleta ya mazutu, mafuta ya dizeli, ile ya zamani ilikatwakatwa, na bazee baliruhusiwa kuchukua vipande. Bengine balibeba mabati ya kuezeka jikoni. Edmond akabeba shodiere moja ndogo ya dépôt ya kutengenezea mashini, ile tanki ya kuchemusha mayi, na sifle, filimbi ya muvuke ya mashini yake mwenyewe, ya shaba, akiikumbatia. Nikamuuliza kama sifle tutaikula na bukari. Hakusikia, ao alifanya sawa hasikii. Sasa akajenga jiko ya matofali pembeni ya pisine, shodiere juu yake, akapitisha mirija: mayi inatoka baridi upande huu, inarudi moto upande ule. Si moto ya chai. Ni moto ya kuogesha mutoto. Na bei ya masomo ikawa kuni. Kila mutoto anakuya na kipande yake ya kuni chini ya kwapa. Huna kuni, kaa inje uangalie benzako. Haba na haba njo inajaza kibaba, na njo inachemusha pisine.

Sasa musikilize mambo ya sifle. Mu reli yetu, kila mashinisti alikuwa na namna yake ya kuvuta sifle akikaribia Kamina, bibi yake ajue, aweke mayi ya kuoga ku moto. Ya Edmond ilikuwa mbili ndefu, moja fupi. Mbili ndefu: niko nakuya. Moja fupi: niko na njaa. Minyi sikukosea sifle ya bwana yangu hata siku moja. Kulikuwa na bamama benye balikosea, bakachemushia mayi bwana ya bengine, lakini hayo si mambo ya kusema mbele ya batoto.

Edmond akaifunga ile sifle ku shodiere. Mayi ikiwa tayari, anavuta: mbili ndefu, moja fupi. Kartie, mutaa yote, inasikia, batoto banatoka mbio na bitambaa na kuni. Yeye mwenyewe hasikii kintu. Anaweka mukono ku chuma, inamutetemesha vidole, anacheka peke yake.

Na Abner, mutoto yetu, alipokuwa mashinisti na yeye, alikamata ileile ya baba yake, mbili ndefu, moja fupi. Lakini mashini ya mazutu haina sifle, iko na klakson, sauti ya ng'ombe mwenye kuumwa tumbo. Hakuna kuchanganya. Ukisikia ng'ombe, ni Abner, na Lise bibi yake anaweka mayi ku moto. Ukisikia sifle, ni pisine. Hata kuku yetu ilijua.

Kiisha vita ikakuya. Si ile ya kwanza, ile ilipita mbio. Ya pili, ile ilikuya kukaa. Abner alikuwa amepeleka treni upande ya Lubumbashi. Basoda bakakamata mashini, na benye kuendesha mashini pia. Hakurudi. Lise alikuwa na mimba, akazaa mwanamuke mwezi ya pili, mu mikono yangu, baba hayuko.

Mutoto hakubatizwa. Lise iko mupole, ukimukanyaga mguu anakuomba musamaha yeye. Lakini hapo alikuwa chuma. "Mama," akaniambia, "baba yake atamuona kwanza. Yeye njo atamupa jina. Kiisha pasta amumwangie mayi." Nikajaribu kugombana, haikusaidia. Tukabakia tunamuita Mutoto tu.

Baridi iliporudi, Esdras, muntu ya reli, alifika na kinga, baiskeli yake, kutoka Luena, vumbi mpaka mu nyusi. Akakunywa mayi, akasema: "Abner iko muzima, Mama. Iko Luena. Basoda banamulinda, banamutumikisha mu dépôt, sijue anatengeneza nini. Banasema siku moja atapita hapa na treni ya basoda, kwenda ku vita, upande ya Kabalo. Lakini habatamuacha ashuke."

Kabalo! Mambo tulikuwa tunasikia ya kule, afazali nisiirudilie. Mwenye mutoto yake alipelekwa Kabalo siku zile, alikuwa analia kimbele.

Lise alikuwa anamunyonyesha mutoto, machozi inamuanguka mutoto ku kichwa. Nikamuambia: "Weye, panguza macho. Habatamuacha ashuke, sawa. Lakini mutoto tunaweza kumuinua. Treni yote inasimama Kamina. Tukisikia klakson, unafunga mutoto mugongoni, tunakimbia. Batukane, basukume, tutamuinua mutoto juu, baba yake atamuona." Kile tu njo nilimuomba Mungu. Vita iishe, sikuomba. Bakubwa balikuwa banaomba ile kila siku ku radio na haikuwa inaisha. Niliomba Abner aone mutoto yake mbele ya kwenda kule.

Tangu pale tuliishi masikio wazi. Nikiosha masahani, siigonganishe. Ku kanisa nilikaa pembeni ya dirisha yenye kuangalia gare, stesheni ya treni, na mama moja mwenye alizoea ile nafasi akaacha kunisalimia. Lise aliogesha mutoto mulango wazi, mu baridi ile, nikamugombeza, kiisha na minyi nikaacha mulango wazi. Kila ng'ombe ya Kaniama ilipitishwa kwenda soko na kulia, tulisimama.

Masomo sikufunga. Nifunge, nikae nifanye nini? Lakini kuni ilikuwa inakosa. Basoda balikata miti ya karibu, na mbali bamama baliogopa kwenda. Batoto bakaanza kuleta bintu ya ajabu: mukono ya jembe, mguu ya kiti, moja alileta mwiko ya mama yake na nikamurudisha mbio. Edmond akasema: "Mama Abner, tutachemusha samedi tu, Jumamosi kwa Jumamosi." Nikakubali.

Sasa, siku yenyewe ilikuwa jeudi, Alhamisi, si samedi. Jeudi ni siku ya Kipendano, chama ya bamama ya kanisa, na tulikuwa mu kanisa minyi na Lise na mutoto. Kapinga, bibi ya pasta, mwenye ulimi haijue kulala, alikuwa anasoma Biblia. Upepo ilikuwa inavuma vibaya, inapiga mabati. Na mu ile upepo tukasikia sifle, mbali kidogo: mbili ndefu, moja fupi.

Bamama bakaanza kucheka. Kapinga akafunga Biblia, kidole ndani. "Mama Pisine, muzee anakuita! Leo jeudi, mayi moto ni ya nani? Anataka kukuogesha weye?"

"Ni ya kichwa yake!" nikasema. "Kichwa yake njo inachemuka."

Ikalia tena. Lise alikuwa anamutikisa mutoto ku magoti. "Papa amepata wapi kuni?" akasema. "Labda anachoma mulango ya choo." Tukacheka mpaka bengine bakapanguza macho, na mutoto akacheka, juu alituona tunacheka. Ilikuwa zamani sijamuona Lise anacheka.

Ikalia mara ya tatu, ndefu kupita zote, sawa muntu mwenye anakasirika. Na minyi nikakasirika. Nikasimama. "Mama Kapinga, unisamehe. Naenda kuzima ule muzee mbele achome nyumba." Lise akafunga mutoto mugongoni, akanifuata.

Njiani batoto balikuwa banatupita mbio, bitambaa ku shingo, kuni chini ya kwapa. "Mama Pisine, leo kuna masomo?" "Muulize babu yenu Edmond!" Nilitembea naandaa maneno. Nilikuwa nayo mingi, na nzuri: kuhusu kuni, kuhusu vita, kuhusu banaume benye banazeeka kichwa kwanza.

Nikafika. Edmond alikuwa amekaa ku kitabure pembeni ya pisine, anatosha majani mu mayi na kitunga, polepole, mugongo kwangu.

"Muzee! Kuni umetosha wapi?"

Akaendelea na majani yake. Nikamushika bega, nikapiga kelele mu sikio: "Moto! Kuni ya moto umetosha wapi?"

"Moto gani?" akasema. "Kuni iliisha samedi. Si weye ulisema tungoje?"

Nikaenda ku shodiere, nikaweka mukono. Baridi. Mu jiko kulikuwa majivu ya zamani, na kuku yetu imelala juu yake.

Akili yangu ikakatala. Nilisimama pale, mukono ku chuma, sawa mujinga. Lise njo alielewa mbele. Akaniuliza polepole, sauti ya mutoto: "Mama. Sasa nani alipiga?"

Na palepale ikalia tena, upande ya gare, nguvu, mbili ndefu, moja fupi. Nikaangalia kule. Moshi nyeusi ilikuwa inapanda juu ya nyumba, moshi ya makala, ile Kamina haikuona tangu Abner angali anavaa kaptula ya shule.

"Abner!" nikalia. Edmond akasimama. "Nini? Mama Abner, kuko nini?" Sikuwa na nafasi ya kumupigia kelele mu sikio. Tulimuacha pale na kitunga yake, mayi inachuruzika ku miguu.

Nilikimbia. Miguu yangu si ya kukimbia tena, lakini nilikimbia, kiatu moja ilibakia njiani. Lise alitaka kuningojea, nikamutukana: "Kimbia weye! Kimbia! Usiniangalie!" Akaenda, kichwa ya mutoto inarukaruka mugongoni.

Basoda balikuwa bamefunga njia mbele ya reli, bunduki mu mikono. Nilipofika, Lise alikuwa amemutosha mutoto mugongoni na kumuinua juu na mikono mbili, juu kabisa ya kichwa yake, na mbele yake wagoni ya mwisho ilikuwa inapita. Mashini ilikuwa mbele, mbali, tuliona tu moshi. Basoda balikuwa bamekaa juu ya wagoni, vijana tu, bengine umri ya batoto yangu ya pisine ya mwaka jana. Balituangalia. Mutoto alikuwa anacheka. Anapenda kuinuliwa.

Treni ikaisha kupita. Reli ikabakia. Lise hakushusha mikono. Nikamuambia, "Lise, shusha." Hakushusha. Minyi njo nilimukamata mikono na kuishusha, na mutoto akaanza kulia juu muchezo uliisha.

Tulikuwa tumekaa chini pale mu vumbi wakati Kitwa alitukuta. Kitwa njo anageuza reli ku gare, anatujua tangu zamani. Basoda baliisha kumuachilia tu sasa.

"Mama," akasema, "ni mashini ya makala. Ya wakati ya muzee. Mazutu hakuna, njo bakaifufua kule Luena. Abner njo alitengeneza. Balisimama hapa kujaza mayi ya mashini. Nilitaka kukuya kubaita, Mama, Mungu anajua, lakini basoda habakuacha muntu atoke ku gare. Mwenye kutoka, bunduki."

"Alisema nini?"

Kitwa akaangalia viatu yake. "Alikuwa anavuta sifle, kiisha anaangalia ku njia yenu. Anavuta, anaangalia. Akaniambia: 'Mama hawezi kukosa kusikia hii. Hii ni ya Papa.' Na mayi ikajaa. Soda akamusukuma na bunduki apande. Njo akasema: 'Basi, bamekimbia. Ni vizuri. Mungu abalinde kule bameenda.'"

"Na weye hukumuambia?" Lise akapiga kelele. Sijawahi kumusikia vile. "Hukumuambia tuko?"

"Nilimuambia! Nilimuambia, 'Bako, nimebaona dimanshi ku kanisa, mutoto ni mwanamuke!' Lakini mashini ilikuwa imesha kufungua muvuke. Sijue, Lise. Sijue kama alisikia. Akavuta mara moja tena, akaondoka."

Nilitaka kugombana na muntu. Maisha yangu yote nagombana, banajua. Lakini pale nikatafuta wa kugombana naye, sikumupata. Basoda? Balikuwa benye kutumwa. Kitwa alikuwa analia. Tulisikia, njo ile inaniuma mpaka leo. Kama tungekosa kusikia, ningesema ni upepo. Tulisikia shiye wote, vizuri kabisa, na tukacheka.

Tukarudi. Ku nyumba, batoto balikuwa bamesimama laini moja pembeni ya pisine, nguo bameisha kutosha, banatetemeka. Kuni bamepanga vizuri mbele ya jiko, sawa nilibafundisha. "Mama Pisine," mukubwa yao akasema, "tumeleta kuni. Lakini mayi iko baridi."

Edmond alinikamata mukono. "Kuko nini? Mbona Lise analia?"

Nikaweka kinywa ku sikio yake, nikapiga kelele, batoto yote banasikia: "Abner amepita! Na mashini ya makala! Alivuta sifle yako!"

"Yangu?" Uso yake ikafunguka, hata akatabasamu. "Yangu mwenyewe? Na mukaenda?"

"Tulifikiri ni weye!"

Akaniangalia. Akafukuza kuku, akapiga magoti, akaanza kuingiza kuni ya batoto mu jiko, moja moja. Nikamuambia aache, treni iko mbali, batoto barudi kwao. Hakugeuka. Akawasha. Tulikaa pale, Lise na mutoto ku mulango, minyi chini pembeni ya pisine, batoto bamejifunika bitambaa karibu na moto, hakuna mwenye kucheza. Jua ikazunguka. Mayi ikaanza kutoa moshi kidogo juu yake. Batoto bakaniangalia, nikabaitikia na kichwa, bakaingia polepole, bila kelele.

Edmond akasimama, akaweka mukono moja ku chuma, na ingine ikavuta kamba. Mbili ndefu, moja fupi. Akageuka, akaniinamishia sikio yake.

"Mama Abner," akauliza, "inasikika mbali?"

Treni ilikuwa imesha kupita mbali, hata upepo ilikuwa imegeuka. Nikaweka kinywa ku sikio yake.

"Inasikika!" nikapiga kelele.

Akavuta tena.